Mguu Ndio Unaolia, Uvimbe Uko Tumboni

Watoto wengi wanaofikishwa kwetu hapa Mombasa saratani ikiwa imeshaingia mifupani huwa tayari wametibiwa mguu. Wametibiwa malaria kwa sababu ya homa, wamepewa dawa ya kuongeza damu kwa sababu ya weupe wa viganja, wamekandwa goti kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, na wengine wamefungwa plasta kwa mvunjiko ambao hakuna aliyeuona ukitokea. Kila aliyemgusa mtoto alitibu alichokiona. Kilichokosekana ni mkono kushuka hadi tumboni na kubonyeza taratibu chini ya mbavu.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, saratani inayoongoza kwa kukimbilia mifupani ni nuroblastoma. Huota kwenye neva zinazopita pembeni mwa uti wa mgongo, na mara nyingi kwenye tezi iliyokalia figo. Karibu nusu ya watoto hugundulika ikiwa imeshatawanyika, na ikitawanyika hupenda mifupa na uboho, ile nyama laini ndani ya mfupa inayotengeneza damu. Uvimbe wenyewe waweza kukaa tumboni bila maumivu ya maana; nyumbani tumbo likionekana limejaa, watu husema ni minyoo. Kinacholia ni paja, nyonga au fuvu. Dalili moja huwapotosha hata wahudumu: weusi kuzunguka macho mawili, kana kwamba mtoto amepigwa ngumi, ilhali hakuanguka wala hakuguswa. Saratani imeingia kwenye mifupa ya tundu la jicho na damu inavuja chini ya ngozi. Kuna wazazi walioshukiwa kwa ajili ya macho hayo. Shuku ya kupigwa ichunguzwe, lakini tumbo lipimwe siku hiyohiyo.

Kwa wakubwa kidogo mambo hubadilika. Sakoma ya Ewing huwapata zaidi wenye miaka 10 na kuendelea. Mara nyingi huanzia mfupani, kisha huruka hadi mapafuni, kwenye mifupa mingine na ubohoni. Osteosakoma, inayopenda maeneo ya goti, nayo huanzia mfupani, ila ikisafiri huanza na mapafu. Rabdomiosakoma hutoka kwenye misuli. Retinoblastoma, ile ya mboni kung'aa nyeupe kwenye picha ya simu, ikicheleweshwa hutoka jichoni hadi ubohoni. Saratani ya figo ya Wilms hukimbilia mapafu. Kwa hiyo mtoto mwenye uvimbe wa figo anayelalamikia mifupa huenda ana aina nyingine adimu, na daktari mpasuaji aambiwe mapema. Lukemia, saratani ya damu, haihami kwenda mfupani, imezaliwa humo ubohoni, lakini mtoto hulia vilevile. Matibabu hufuata pale ugonjwa ulipoanzia. Nuroblastoma iliyo pajani hutibiwa kwa dawa za nuroblastoma, na daktari anayehangaika na paja peke yake anapoteza muda wa mtoto.

Mtoto mdogo ana uboho mwekundu hadi kwenye mifupa ya mikono na miguu. Kwa mtu mzima umebaki zaidi kiwiliwilini. Ndani ya uboho huo mwekundu damu hupita polepole katika vimishipa vipana, na chembe za saratani hunasa. Zikishanasa, huchochea zile chembe za mwili ambazo kazi yake ni kumega mfupa mkuukuu. Mfupa ukimegwa huachia vichocheo vya ukuaji vilivyohifadhiwa ndani yake, na saratani hujilisha navyo. Maumivu huanza wakati huo, lakini eksirei ya kawaida haioni pengo mpaka mfupa upoteze takribani asilimia 30 hadi 50 ya madini yake mahali hapo. Picha ikitoka safi na mtoto bado anachechemea, uchunguzi haujaisha.

Pwani, kama ilivyo Nyanza na Magharibi, tuna selimundu nyingi, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu zilizopinda, na mtoto mwenye maumivu ya mifupa, homa na upungufu wa damu hupewa jina hilo haraka. Kipimo kifanywe; kikionyesha hana, maumivu bado yanatafutiwa sababu. Kifua kikuu cha mgongo na usaha ndani ya mfupa navyo vipo. Maumivu ya kukua huja jioni, kwenye miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anaruka kama kawaida. Maumivu ya kutilia shaka humwamsha usiku, huzidi wiki hadi wiki, humfanya akatae kukanyaga au kutaka kubebwa umri ambao alishaacha kubebwa, na huja pamoja na homa, weupe, kupungua uzito au madoa ya damu kwenye ngozi. Hapo kuna vipimo viwili vya bei nafuu ambavyo vyote vinapatikana mjini: hesabu kamili ya damu, slaidi isomwe na mtu kwa darubini na si mashine peke yake, na altrasaundi ya tumbo. Kati ya chembe nyekundu, nyeupe na za kugandisha damu, aina mbili zikiwa zimeshuka pamoja, mtoto aende kupimwa uboho.

Kabla ya uboho kupimwa, asipewe steroidi. Vidonge vya prednisoloni na sindano za deksamethasoni hutolewa dukani kwa jina la dawa ya viungo, na kweli mtoto huamka siku ya pili akicheza. Kwa lukemia na limfoma (saratani ya tezi za limfu) dawa hiyo huua chembe za saratani kwa muda mfupi tu, uboho ukipimwa jibu linatoka nusunusu, na ugonjwa ukirudi waweza kuwa umezoea dawa. Kama alishapewa, semeni. Hakuna atakayewagombeza, na akiwagombeza, semeni hivyohivyo.

Sasa kukandwa. Hatuna ugomvi na bibi anayempaka mjukuu mafuta mgongoni alale. Tatizo ni kukanda kwa nguvu, kuvuta na kunyoosha kiungo kinachouma. Mfupa uliomegwa ndani huonekana mzima kwa nje, na kuvutwa kidogo tu kunatosha kuuvunja. Chale na hijama zina hatari yake: uboho uliojaa saratani hautengenezi chembe za kutosha za kugandisha damu, kwa hiyo damu haikomi, na baadaye mkato huwa mlango wa usaha. Dua na kisomo haviingiliani na dawa yoyote. Kombe, yale maji yaliyooshea maandishi ya Kurani, kama familia inalitaka, litengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, kwa sababu wakati wa kemo (dawa kali za kuua saratani) maji ya kisima yanaweza kumlaza mtoto wiki nzima kwa kuhara.

Namna ya kumshika mtoto huyu nyumbani ni jambo ambalo wodini huonyeshwa mara moja wakati wa kuruhusiwa, tena haraka. Usimwinue kwa kumshika makwapa wala kumvuta mikono. Pitisha mkono mmoja chini ya mabega na shingo, wa pili chini ya makalio na mapaja, mlete kifuani kwako kwanza, kisha ndipo usimame. Wakati wa kubadilisha nepi usimnyanyue kwa vifundo vya miguu. Hapo ndipo paja linapovunjika. Mgeuze ubavu, mabega na nyonga zikigeuka kwa pamoja, tandika nepi nusu, mgeuze upande wa pili, vuta nusu iliyobaki. Kitanda cha kamba kilicholegea kinaukunja mgongo. Godoro gumu sakafuni ni bora, na kwa joto la kaskazi hapo chini kuna ubaridi kidogo. Kiungo kikiinama pasipo na kiungio, au akipiga kelele ghafla na kuacha kukitumia, usinyooshe. Funga kama kilivyo kwenye kipande cha kadibodi au jarida lililokunjwa, kuanzia kiungio cha juu hadi cha chini yake, mpe dawa yake ya maumivu, nenda hospitali.

Barabarani, tuktuk ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu matuta yote yanaishia kiunoni mwa mtoto. Teksi yenye kiti cha nyuma cha kumlaza inafaa zaidi. Mkivuka kwa feri ya Likoni, mwambieni askari wa getini mapema kwamba mna mgonjwa. Kwenda Nairobi, basi la usiku kutoka Mwembe Tayari halifai kwa mtoto mwenye saratani ya mgongo. Treni ya Miritini huchukua masaa 5 hadi 6 na haitikisi, ila inashusha Syokimau, na kutoka pale hadi hospitali bado kuna mwendo. Panga gari la upande ule kabla hujaondoka upande huu. Dozi ya dawa ya maumivu impate nusu saa kabla ya kutoka nyumbani.

Uboho huchukuliwa nyuma ya nyonga, kushoto na kulia pia, kwa sababu saratani hukaa kwa mabaka na upande mmoja waweza kutoka safi. Ikiwa atalazwa usingizi, chakula kikome masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2, au kama timu ya usingizi itakavyosema. Majimaji ya uboho husomwa upesi. Kile kijipande cha mfupa lazima kilainishwe kwanza ndipo kikatwe, ndiyo maana jibu lake huchelewa. Kipande cha uvimbe kitiwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya ukubwa wa kipande. Kikitiwa kwenye maji ya chumvi na kusafirishwa kwenye joto letu, kinafika maabara kimeharibika na mtoto anarudi kupasuliwa. Kwa darubini ya kawaida, nuroblastoma, Ewing, rabdomiosakoma na limfoma zote ni chembe ndogo za mviringo zenye rangi ya buluu. Zinatenganishwa na rangi maalumu zinazoshika protini za kila aina. Kwa hiyo anayekwenda Nairobi aombe vile vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa kwenye nta na slaidi zake, siyo karatasi ya majibu peke yake. Mkojo nao hupimwa mabaki ya homoni za ile tezi iliyokalia figo, yaitwayo VMA na HVA. Picha ya nyuklia ya mifupa ina sindano, kusubiri masaa 2 hadi 4, kunywa maji kwa wingi, na kukojoa kabla ya kulala chini ya kamera. Kibofu kilichojaa huficha nyonga.

Kipo kikundi kimoja cha watoto wa chini ya miezi 18 ambao nuroblastoma yao imefika ini, ngozi na sehemu ndogo tu ya uboho, na kwa baadhi yao ugonjwa hunywea wenyewe. Mfupa wenyewe ukishaguswa, mtoto hayumo tena katika kundi hilo. Daktari anapochunguza mifupa kwa bidii namna ile, anataka kujua mtoto yuko upande gani wa mstari huo. Kwa nuroblastoma ya hatari kubwa, nchi tajiri huponya takribani nusu, kwa kemo, upasuaji, kupandikiza uboho wa mtoto mwenyewe, mionzi na dawa za kingamwili. Mnyororo huo wote familia nyingi za hapa haziufikii. Ulizeni waziwazi: tunatibu kuponya, au tunatibu kumpa muda bila maumivu? Majibu yote mawili yana kazi ya kufanywa.

Maumivu yenyewe hayasubiri majibu ya maabara. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ngazi mbili kwa watoto: parasetamoli au ibuprofeni, kisha mofini, kodeini ya katikati iliondolewa kwa sababu miili ya watoto huibadilisha kwa viwango visivyotabirika. Parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, mara 4 kwa siku zisizidi. Ibuprofeni haifai chembe za kugandisha damu zikiwa chini au figo zikiwa na taabu, na wengi wa watoto hawa wako hapo. Mofini ya kunywa kwa mwenye umri wa mwaka 1 hadi 12 huanza na miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo kila baada ya masaa 4, dozi ya kwanza isizidi miligramu 5. Wa chini ya mwaka hupewa pungufu zaidi. Daktari ndiye hupanga, lakini mzazi ajue kukagua hesabu. Mtoto wa kilo 12 akianza na 0.2 ni miligramu 2.4. Kwa chupa ya miligramu 5 ndani ya mililita 5, hiyo ni mililita 2.4, ipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, wala siyo kijiko cha chai. Chupa ikibadilishwa ikaja ya miligramu 10 kwa mililita 5, mililita zilezile zimekuwa dozi mbili. Soma lebo kila unapochukua mpya.

Dozi sita za siku hukaa vizuri kwenye saa yetu: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 na saa 8 usiku. Ya saa 8 usiku ndiyo huachwa, kwa huruma ya kutomwamsha, na alfajiri mtoto huamka akipiga mayowe na kutulizwa kwake huchukua nusu siku. Lebo ikiandikwa saa za kizungu, ziandike upya kwa kalamu, maana atakayebaki na mtoto huenda ni nyanya, au ami aliyekuja kusaidia. Maumivu yakipenya katikati ya dozi, huongezwa asilimia 5 hadi 10 ya mofini ya siku nzima. Yakipenya mara kwa mara, dozi ya msingi ni ndogo na daktari aipandishe. Laktulosi au dawa nyingine ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Usingizi mzito siku mbili tatu za mwanzo mara nyingi ni deni la kukosa kulala. Asiyeamshika, au anayepumua polepole mno, apelekwe hospitali mara moja. Uraibu ambao kila familia huuliza ni nadra kuja kwa dawa iliyopimwa kwa maumivu haya. Mionzi ya mara moja, Gy 8 (Gy ni kipimo cha mionzi), hutuliza mfupa mmoja unaosumbua kwa wengi, ingawa siku moja mbili za mwanzo maumivu yaweza kupanda. Coast Hospice ya hapa Mombasa haiko kwa ajili ya wanaokufa peke yao. Mwende mapema, wakati kemo ingali inaendelea.

Mfupa kuuma katikati ya matibabu si lazima saratani imerudi. Vinkristini, moja ya dawa za kemo, huleta maumivu ya taya, ganzi ya miguu na tumbo kufunga. Filgrastimu, sindano ya kupandisha chembe nyeupe, huufanya uboho ufanye kazi kwa kasi na mifupa mikubwa huuma kwa siku kadhaa. Steroidi ikikatizwa, viungo huuma. Andika tarehe ya kila dawa na tarehe ya maumivu kwenye daftari moja. Daktari hulielewa daftari hilo kuliko maelezo ya kukumbuka.

Mgongo unaouma zaidi akilala chali, miguu kulegea, kushindwa kukojoa au choo kujitokea, hayo ni ya saa hiyo, hata kama ni usiku wa Idi. Uvimbe unaubana uti wa mgongo. Abebwe amenyooka, ageuzwe kwa pamoja. Hospitalini deksamethasoni huanza mara moja (hapa steroidi ina haki yake), kisha picha ya MRI na uamuzi wa kemo, mionzi au upasuaji. Anayeanza matibabu akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea.

Homa ni mtego wa pili wa Pwani. Mtoto wa kemo akifika nyuzi 38.3 mara moja, au 38 ikikaa saa nzima, antibayotiki ya mshipa inapaswa kuingia ndani ya dakika 60 tangu afike. Malaria ipimwe, lakini hata ikionekana, antibayotiki iendelee. Kwa kuwa yuko kwenye parasetamoli ya maumivu, mpime joto kabla ya kila dozi, la sivyo dawa itaificha homa. Kipimajoto kikae kwapani. Usimwekee kitu chochote njia ya haja kubwa.

Madafu ni mazuri kwa siku za kawaida. Wiki ya kwanza ya kemo ya lukemia au limfoma, uvimbe unapoyeyuka kwa wingi, potasiamu ya damu hupanda na madafu yana potasiamu nyingi, kwa hiyo yasimame kidogo. Maji ya miwa, mabuyu na achari za barabarani zisubiri chembe nyeupe zipande.

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilishika nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024; mchango ni asilimia 2.75 ya kipato, na usiopungua KSh 300 kwa mwezi. Wengi hukwama kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwa hiyo kianze kutafutwa siku ya kwanza ya kulazwa. Damu itafutiwe wachangiaji kabla haijahitajika: chembe za kugandisha hukaa siku 5 tu, kwenye joto la kawaida la nyuzi 20 hadi 24, hazitunzwi friji.

Akirudi shule au madrasa, aombewe kiti. Kukunja miguu sakafuni saa nzima kunaumiza nyonga zinazojengeka upya, na mpira usubiri picha. Chanjo hai, kama ya surua, haimpati mpaka miezi isiyopungua 6 baada ya kemo kuisha, lakini ndugu zake wachanjwe kwa ratiba. Darasani kukitokea surua au tetekuwanga, piga simu wodini siku hiyohiyo, kabla upele haujatokea, kwa sababu kinga ya sindano hufanya kazi katika siku chache za mwanzo tu.